Johannes Rebmann: Imani, Maneno na Njia ya Kasigau

Makwasinyi ni kimojawapo cha vijiji vilivyokaa chini ya mlima Kasigau, kusini mwa mji wa Voi, pamoja na Rukanga, Jora, Kiteghe na Bungule. Mlima wenyewe, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, umesimama peke yake katikati ya nyika kavu, na msafiri wa miguu aliyetoka pwani kupitia nyika ya Taru aliuona kwa mbali kabla ya kuufikia. Mnamo Oktoba 1847 alifika hapo Mjerumani wa umri wa miaka 27, akitokea Rabai na wachukuzi wachache. Mlima huo aliuandika kwa jina la Kadiaro. Hakuja kununua pembe wala kutafuta mateka. Alikuja kuuliza kama watu wa mlima wangekubali kukaa na walimu wa dini yake.

Atajwapo Johannes Rebmann, aghalabu hutajwa kwa ajili ya theluji ya Kilimanjaro. Safari ya Kasigau, iliyotangulia ile ya Kilimanjaro kwa miezi michache, husahauliwa. Hata hivyo, hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza ya bara, na ndiyo inayoonyesha nia yake ikiwa bado safi, kabla ya ramani, ubishi wa wanajiografia na majeshi kuingia katika habari zake.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg. Wazazi wake walikuwa wakulima. Wakati huo eneo hilo lilikuwa limeenea uamsho wa dini uliosisitiza toba ya moyoni, usomaji wa Biblia nyumbani na maisha ya kiasi. Mtu alitarajiwa kuishika imani yake shambani na mezani, si kanisani tu siku ya Jumapili. Kijana huyo alisomea kazi ya umishenari katika chuo cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Uingereza, akapata daraja la kasisi katika Kanisa la Anglikana na kuajiriwa na shirika la Church Missionary Society. Mwaka 1846 akawasili Mombasa.

Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenziwe, aliyekuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika mji huo miaka miwili iliyotangulia. Mombasa ilikuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja tangu 1837, na ni kwa idhini ya mtawala huyo Mwislamu kwamba Wakristo hao walipata ruhusa ya kukaa. Hali kadhalika, kibali cha kujenga Rabai Mpya kilitoka kwa wazee wa Warabai, watu wa kaya wenye itikadi na sala zao wenyewe. Tarehe 25 Agosti 1846 wamishenari hao walihamia huko, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Ikumbukwe basi kwamba kituo cha kwanza cha Wakristo wa Kiprotestanti katika nchi ambayo sasa ni Kenya kilianza kwa hisani ya watu wa dini nyingine mbili.

Wataita aliowaendea mwaka uliofuata nao hawakuwa watu wasio na dini. Walimjua Mlungu. Walikuwa na misitu yao mitakatifu, fighi, isiyoguswa ovyo, na mapango walimohifadhiwa wazee waliokwisha kufa. Katika maisha ya kila siku ibada yao kuu ilikuwa kutasa: mtu hutia kinywani maji au pombe ya muwa, akaitema kwa kuipuliza huku akitamka maneno ya heri, ili hasira iliyo moyoni imtoke. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa baina ya ndugu huleta ugonjwa na ukame. Kwa mtazamo wa leo, imani kama hiyo haikuwa mbali sana na mafundisho ya toba aliyolelewa nayo Rebmann huko Gerlingen. Wamishenari wa karne ile, yeye akiwamo, hawakuliona jambo hilo. Waliona giza lililongoja nuru, na upungufu huo hauna budi kutajwa katika maisha ya mtu ambaye kwa mengine alikuwa msikilizaji hodari.

Kasigau haikupata kituo. Rebmann alirudi Rabai, na Aprili 1848 akaondoka tena, safari hii kuelekea Uchaga, akiongozwa na Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Watu wa pwani walistaajabu kumwona akienda nchi ya mbali bila bunduki, mkononi ana mwavuli tu. Haikuwa mzaha. Kwake silaha ilikuwa ungamo la kutomwamini Mungu, na mtu aliyekwenda kuhubiri amani hakuweza kuitanguliza baruti. Tarehe 11 Mei 1848 aliona juu ya mlima Kilimanjaro weupe aliodhani mwanzo ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, aliambiwa kwamba kile ni baridi tu. Neno hilo la Kiswahili lilimtosha. Mwana wa nchi ya majira ya baridi alielewa mara moja kwamba mwenyeji wa pwani, asiye na jina la theluji, alikuwa ameitaja kwa athari yake.

Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1849, na mara wataalamu wakaikataa. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mtu mwenye macho mabovu. Ni hadi Baron Carl Claus von der Decken alipoupanda mlima huo kwa kiasi mwaka 1861 na 1862 ndipo ubishi ulipoanza kufifia. Rebmann mwenyewe hakuhangaika sana kujitetea. Kwake mlima ulikuwa kando ya njia, naye alikuwa akiwatafuta watu.

Na watu walimvunja moyo. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kupitia Uchaga na kufika Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimzuia, akamtoza zawadi moja baada ya nyingine mpaka bidhaa zilizokusudiwa kumfikisha Unyamwezi zikamalizika. Rebmann alirudi pwani mgonjwa na mikono mitupu. Ni rahisi kumlaumu Mamkinga, lakini katika siasa za Uchaga wa siku zile, ambapo watawala walishindana kwa vitambaa na shanga, mgeni mwenye mizigo asiye na bunduki alikuwa neema iliyojileta. Baada ya hapo Rebmann hakwenda tena bara.

Kuanzia hapo yanaanza maisha yake yenye thamani zaidi, ingawa vitabu vya historia huyapitia haraka. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler, Mwingereza aliyekuwa mwalimu nchini Misri, wakaja kuishi Rabai. Mtoto wao alikufa akiwa mchanga. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na mwenzao Jakob Erhardt akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa, aliyeota msururu wa vituo kutoka pwani ya Hindi mpaka pwani ya Atlantiki. Rebmann aliona kwamba mtu hawezi kuwahubiri watu ambao lugha yao haijamkaa kinywani. Basi akakaa na maneno.

Alikusanya maneno ya Kirabai. Alikusanya ya Kiswahili cha Mombasa. Kisha, bila ya kuondoka Rabai, akajifunza lugha ya watu wa kando ya Ziwa Nyasa. Mwalimu wake alikuwa Salimini, mtumwa aliyetekwa katika nchi hizo na kuuzwa pwani. Mnamo 1853 na 1854 wawili hao waliketi pamoja siku baada ya siku, mmoja akitamka na mwingine akiandika. Kila neno la nyumba, la shamba, la mto na la mazishi lilitoka katika kumbukumbu ya mtu ambaye hakutarajia kuiona tena nchi yake. Matunda ya kazi hiyo ni kamusi ya Kinyasa iliyotolewa mwaka 1877, ambayo ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema kabisa za lugha inayoitwa leo Chichewa. Jina la Rebmann limo jaladani. Mwenye maneno alikuwa Salimini, na wanafunzi wa leksikografia watatenda haki wakiwataja wote wawili.

Hapo pia pana swali gumu. Mtu mwenye imani kali kiasi hicho aliwezaje kukaa karibu miaka thelathini katika pwani ya biashara ya utumwa, akimsikiliza mtumwa, wala asiwe mpiganaji wa wazi wa kuwakomboa? Yamkini jibu lipo katika hali aliyoishi. Alikaa kwa idhini ya utawala ulioiruhusu biashara hiyo, na ukali wowote wa kisiasa ungefunga mlango wa kituo. Yamkini pia aliamini kwamba Injili ingebadilisha mioyo kwanza, na sheria zingefuata. Jibu hilo halimwondolei lawama yote. Sheria haikungoja mioyo: mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja na shinikizo la serikali ya Uingereza, na Seyyid Barghash akatia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari.

Frere alipofika Rabai alimkuta mzee karibu kipofu, amezungukwa na vitabu na miswada. Emma alikuwa amefariki mwaka 1866. Wakristo walikuwa wachache wa kuhesabika. Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa katika ugonjwa uliomuua. Baadaye akaja Abe Gunja, pamoja na jamaa zake. Kwa hesabu ya wafadhili wa London, huo ulikuwa mavuno haba kwa miaka mingi kiasi hicho, na wapo waliomwona Rebmann kuwa mtu aliyekufa akiwa hai. Richard Burton, aliyemtembelea mapema mwaka 1857 na kumkosa kama mwandani wa safari, hakuwa na maneno mengi mazuri juu ya umishenari wake.

Lakini Burton mwenyewe alikuwa Afrika Mashariki kwa sababu ya Rebmann. Erhardt na Rebmann, kwa kuwahoji wasafiri wa Kiarabu, Waswahili na watumwa, walichora ramani ya bara iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Ilipofika Ulaya mwaka 1855 na 1856 ilizua msisimko, na Jumuiya ya Kijiografia ya London ikawatuma Burton na John Hanning Speke kwenda kuhakikisha. Walikuta kwamba ziwa lile moja ni maziwa kadhaa. Waliowafuata hawakubeba miavuli.

Mwaka 1875 Rebmann alirejea Ulaya, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Ilikuwa takriban miaka 29 tangu afike Mombasa. Alikwenda kuishi Korntal, jirani na Krapf, na huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilichapishwa mwaka huohuo. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na ndani yake mna jasho la Rebmann. Ile ya Kinyika ikafuata mwaka 1887. Kazi zote hizo za Kiswahili zilisimama juu ya Kimvita. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maneno mengi aliyoyaandika kwa taabu yakabaki kuwa hazina ya watafiti wa lahaja.

Huko Taita, shirika lake lilifungua kituo mwaka 1883, Sagalla, chini ya J. A. Wray. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi, mpaka ukapindwa ili Kilimanjaro ibaki upande wa Wajerumani, na Kasigau ikawa upande wa Waingereza, karibu na mpaka. Njia ambayo Rebmann aliipita bila silaha ikawa baina ya madola mawili ya Kikristo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, majeshi ya Wajerumani yalivuka nyika hiyo kuishambulia reli ya Uganda. Waingereza wakawatuhumu watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia adui, na mwaka 1915 wakawang'oa mlimani, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi ya pwani ambayo miili yao haikuyazoea. Waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930, wakajenga upya chini ya mlima, Makwasinyi ikiwa mojawapo ya mahali hapo.