Marjory Stephenson na Siri ya Bakteria

Sisi wasichana huambiwa eti kemia ni ya wavulana. Mimi nakataa kabisa, na shahidi wangu ni Marjory Stephenson.

Mama huyu alizaliwa mwaka wa 1885 kijijini Burwell, Uingereza. Mwaka wa 1903 alijiunga na chuo cha Newnham, Cambridge. Siku hizo wanawake hawakuruhusiwa katika maabara ya kemia ya chuo kikuu, ikawabidi wasomee katika maabara ya chuo chao. Alitamani udaktari lakini pesa zilikosekana, basi akafunza sayansikimu.

Mwaka wa 1919 alirudi Cambridge kufanya kazi na Profesa Hopkins. Wengi walichunguza bakteria kwa sababu ya magonjwa tu. Yeye alitaka kujua kadudu kenyewe kanakula nini na kanapata nguvu vipi. Aliwaosha bakteria mpaka mabaki ya chakula yakaisha, kisha akawapa kitu kimoja tu na kupima walivyokitumia. Mwaka wa 1931, yeye na Stickland waligundua kimeng'enya kinachowawezesha bakteria kutumia gesi ya haidrojeni.

Mwaka wa 1945, yeye na Kathleen Lonsdale walikuwa wanasayansi wa kwanza wa kike kuchaguliwa katika Royal Society, chama kilichoanzishwa 1660! Alifariki Desemba 1948, mwaka uleule Cambridge ilipoanza kuwapa wanawake digrii kamili.

Wasichana wenzangu, mlango wa maabara yetu uko wazi. Tuingieni, tusisukumwe!