HERBERT CHAPMAN NA UKUTA WA NYUMA



Tangu ekipe yetu ilipofungwa vibaya, kwenye dortoir maneno hayaishi. Wamoja wanasema kama tunakosa wachezaji wakali wa nyuma. Wengine wanasema kama wachezaji tuko nao, ila mupango ndio unakosekana. Ubishi umefika pale marafiki wawili hawasalimiane tena. Njo maana tunawaelezea leo maisha ya mutu mumoja aliyekutana na ulizo hili mbele yetu.

Herbert Chapman alizaliwa tarehe 19 mwezi wa kwanza 1878, kule Kiveton Park katika Uingereza. Baba yake alichimba makaa ya mawe chini ya udongo. Mutoto alisoma, akajifunza kazi ya enjenyere wa migodi. Mupira aliucheza katika ekipe nyingi, lakini hakuwa muchezaji wa ajabu. Jina lake lilitoka katika kuongoza.

Alianza kuongoza Northampton mwaka wa 1907, na 1909 wakashinda ligi ya Kusini. Kisha akaenda Leeds City. Hapo aliona taabu. Ekipe ile ilishitakiwa kama ililipa wachezaji kwa siri wakati wa vita, ikakataa kuonyesha vitabu vyake, na mwaka wa 1919 ikafutwa kabisa. Chapman naye akakatazwa kazi ya mupira. Kisha azabu yake iliondolewa, sababu wakati ule wa vita alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Mwaka wa 1921 akaingia Huddersfield. Walipata kombe 1922, na ligi 1924 na 1925. Yeye akaenda Arsenal, lakini Huddersfield wakashinda tena 1926 bila yeye. Utaratibu aliouacha ulibaki ukifanya kazi.

Mwaka ule wa 1925 sheria ya hors-jeu ilibadilika. Zamani mushambuliaji alipashwa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mustari wa goli. Sasa wawili walitosha. Mabao yakajaa. Katika daraja la kwanza yalitoka 1192 mpaka 1703 kwa mwaka mumoja! Tarehe 3 mwezi wa kumi, Newcastle wakafunga Arsenal 7-0. Charlie Buchan, muchezaji wake mwenyewe, alitaka mutu wa katikati arudi nyuma, asimame kati ya mabeki wawili. Chapman hakuona haya kumusikiliza. Siku mbili tu kisha pale, wakashinda West Ham 4-0.

Kwa kazi ile, mwaka wa 1926 alinunua Herbie Roberts kwa paundi 200 tu. Roberts hakujua mambo mengi ya mupira. Kazi yake ilikuwa moja: kukaa katikati, kuondoa mipira ya juu, kuwaachia wenzake mengine. Kwa kazi hiyo moja akawa ukuta. Arsenal wakapata kombe 1930, ligi 1931 na 1933.

Basi, mupango peke yake unatosha? Hapana. Huyu huyu Chapman alilipa paundi 8750 kwa Alex James mwaka wa 1929, sababu mupira ukiisha kuondolewa nyuma, unahitaji mutu wa kuufikisha mbele kwa akili. Tena, tarehe 14 mwezi wa kwanza 1933, wachezaji wake wengi hawakuwa wazima, akaweka wale wasiozoea. Walsall, ekipe ndogo ya daraja la tatu, ikawapiga 2-0. Mupango ulikuwa ule ule, lakini watu hawakuwa wale.

Mwanzo wa 1934 alishikwa na baridi, na hata hivyo akaenda kutazama ekipe yake ya tatu ikicheza. Akafa kwa ugonjwa wa mapafu siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa kwanza. Wakamuzika Hendon. Arsenal wakashinda ligi mwaka ule, na 1935 pia.

Ndugu zetu, tunaona hivi: mupango ndio unamupa kila mutu nafasi inayolingana na zawadi yake. Wakati wa Nehemia kila mutu alijenga kipande chake cha ukuta wa Yerusalema, na ukuta ukasimama. Tusitafute tena mwenye kosa. Wale marafiki wawili washikane mikono, na kila mumoja wetu aulize kipande chake ni kipi.