Boris Yegorov, Daktari wa Kwanza Angani

Boris Yegorov alizaliwa Moscow mwaka 1937, akasomea udaktari katika mji huohuo. Tarehe 12 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 26, alirushwa angani katika chombo cha Voskhod 1 pamoja na Vladimir Komarov na Konstantin Feoktistov. Chombo chenyewe kilitokana na kile kilichoundwa kwa mtu mmoja. Nafasi ilikuwa finyu hata wakasafiri bila mavazi ya kinga. Kingalitoboka, wangalikufa papo hapo, nasi tungalimsimulia kwa maneno mengine. Kwa siku moja na kitu aliwapima wenzake damu na mapigo ya moyo, ilhali mwenyewe akisumbuliwa na kizunguzungu. Huo, kwetu sisi, ndio udaktari. Hakurudi tena angani. Alifariki mwaka 1994 kwa maradhi ya moyo.