Nikola Tesla, mutu mwenye alitosha radi ndani ya waya za shaba

Mashini mingi zenye zinavuta maji ndani ya mashimo ya mine, na vantilatere zenye zinapeleka hewa chini kwa watumikaji, zinazunguka kwa namna yenye Nikola Tesla alivumbua. Wengi wetu tunasikia jina lake juu ya ule mutambo wenye kutupa radi, lakini maisha yake tunayajua kidogo. Leo tunayaeleza, na zaidi ile kazi aliyoifanya mwaka 1899, juu ndani yake kuna somo kwa kila mutu mwenye kutumika kwa mikono.

Tesla alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 7, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko ndani ya inchi ya Kroatia. Baba yake alikuwa padri wa Waortodoksi. Mama yake hakuenda masomo, lakini vyombo vya kazi ya nyumba alikuwa anavitengeneza yeye mwenyewe. Baba alitaka mutoto afuate njia ya upadri. Kisha mutoto akaugua kolera, karibu kufa, na baba akamuahidi kwamba akipona atamutuma kusoma kazi ya uenjeniere. Akapona. Mwaka 1875 akaingia masomo makubwa ya Graz, inchi ya Austria, lakini hakuyamaliza.

Ile wakati motere za umeme zilikuwa na vipande vyenye kusuguana, vinachakaa upesi na kutupa cheche. Mwaka 1882, ku muji wa Budapest, Tesla aliona njia ingine. Umeme wa kwenda na kurudi, wenye mafundi wetu wanauita alternatif, unaweza kuzungusha nguvu ya sumaku. Chuma cha ndani kinafuata ile nguvu, kinazunguka, na hakuna waya yenye inakigusa. Ni motere nyepesi kutengeneza, na haichoki upesi.

Lakini nani atalipa? Mwaka 1884 Tesla akavuka bahari, akafika New York, akatumika kwa Thomas Edison miezi michache. Kisha wakaachana, na Tesla akaanzisha kampuni ya taa pamoja na watu wenye feza. Taa zilipokwisha kuwaka, wale wenzake wakamuondoa, akabaki mikono mitupu. Kati ya mwaka 1886 na 1887 alichimba mifereji kwa dola 2 kwa siku. Ndiyo, mutu mwenye motere yake inazunguka leo chini ya udongo, yeye pia alishika pauro na kuinamisha mugongo.

Mwaka 1888 mambo yakabadilika. George Westinghouse alinunua haki za motere yake, na akakubali kulipa feza kwa kila nguvu ya farasi yenye zile motere zitatoa. Lakini kampuni ilifika kwenye shida za feza, na Tesla akakubali kuacha yale malipo. Mwaka 1897 hesabu ikafungwa: alilipwa mara moja tu, karibu dola 216.000. Mbele ya hapo, mwezi wa 11 wa 1896, umeme wa maporomoko ya Niagara ulikuwa umeisha kufika muji wa Buffalo kwa waya, na ulikuwa umeme wa kwenda na kurudi.

Mutu angeweza kupumzika hapo. Tesla hakupumzika. Toka mwaka 1891 alikuwa na mutambo mupya, ule wenye leo unaitwa koili ya Tesla. Tueleze namna unatumika. Transfo inapandisha nguvu ya umeme na kuujaza ndani ya kondansatere. Kondansatere ikijaa, umeme unaruka nafasi ndogo kwa cheche na kuingia ndani ya waya munene wenye mizunguko michache. Pembeni kuna waya mwembamba wenye mizunguko mingi sana. Ule mwembamba unatikisika pamoja na ule munene, kwa hesabu moja. Ni sawa vile mutoto mwenye kukaa ku kamba yenye imefungwa ku tawi: ukimusukuma kila mara kwa wakati wake, hata kwa nguvu ndogo, ataenda juu sana. Nguvu ya umeme inapanda hivyo hivyo, mpaka inatoka juu kama radi.

Mwezi wa 5 wa 1899 Tesla alienda Colorado Springs, muji wenye uko karibu metre 1.800 juu ya bahari. Hapo akajenga nyumba ya mbao, na ndani yake koili kubwa, mzunguko wa inje karibu metre 15 kutoka upande moja mpaka upande mwingine. Kondansatere zake zilikuwa chupa zenye maji ya chumvi. Juu ya paa kulisimama mulingoti wa metre 43, na kichwani tufe la shaba. Umeme aliupata kwa kampuni ya muji. Wenye waliandika maisha yake wanasimulia kwamba siku moja aliuvuta mwingi mpaka mashini ya kampuni ikaungua, muji ukabaki giza, na yeye akalazimika kuitengeneza.

Kuna foto yenye inajulikana sana: Tesla anakaa kitini, anasoma, na radi inapita juu ya kichwa. Watu wengi wanaamini. Kumbe ni foto mbili juu ya kioo kimoja: radi ilipigwa peke yake, na Tesla akapigwa foto wakati mashini imezimwa. Hata yeye hakukaa hapo. Tunalisema juu ya vijana wetu wenye kupenda kutengeneza vitu kwa transfo za zamani. Radi ya juu inaogopesha kwa sauti, lakini kondansatere na waya wa chini vinaua kwa kugusa mara moja, hata nyuma ya kuzima.

Tesla alirudi New York mwezi wa 1 wa 1900 na imani moja: udongo wote wa dunia utabeba umeme, bila waya. Hakuwa amemupelekea mutu yeyote wa mbali umeme wa kutumika, lakini aliahidi. Tajiri J. P. Morgan akatoa dola 150.000, na toka mwaka 1901 munara wa metre 57 ukapanda kule Wardenclyffe, karibu na New York. Feza ikaisha, Morgan akakataa kuongeza. Munara ulibomolewa mwaka 1917. Nyumba ya Colorado nayo ilikuwa imeisha kubomolewa, vitu vyake vikauzwa juu ya madeni.

Miaka ya mwisho Tesla aliishi ku hoteli, akilisha njiwa. Toka 1934 kampuni ya Westinghouse ilikuwa inamupa dola 125 kwa mwezi. Alikufa peke yake ndani ya chumba cha hoteli ku New York, tarehe 7 mwezi wa 1, 1943, akiwa na miaka 86. Mwaka 1960 wenye elimu walichagua jina lake kuwa kipimo cha nguvu ya sumaku.

Kwetu, umeme wa Inga unafika Kolwezi kwa waya, safari ya karibu kilometre 1.700. Unasafiri kwa umeme wa njia moja, ule wa Edison. Ukifika, unageuzwa kuwa umeme wa kwenda na kurudi, motere zianze kuzunguka. Kile Tesla alipima na kuonyesha watu, kinatumika mpaka leo. Kile aliahidi mbele ya kukipima, kilibomolewa. Tunadhani mutumikaji wa mine anaelewa hilo kuliko mutu yeyote: nguzo ya kushikilia mwamba inajaribiwa kwanza, kisha ndipo watu wanapita chini yake.