Bibi Katharine na wakunga wa Mengo

Sisi wachuuzi wa Kasubi hulalamika kwamba basi la kutoka Mombasa linachosha. Katharine Timpson, muuguzi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1863, alikuja na msafara wa wapagazi, akafika Mengo Februari 1897. Mei mwaka huo hospitali ya wamisheni ikafunguliwa, naye akawa msimamizi wa wauguzi. Mwaka 1900 aliolewa na Daktari Albert Cook. Radi ikaiunguza hospitali mwaka 1902; wakajenga upya.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa ilikuja baadaye. Wazungu wachache wasingeweza kufika kila kijiji ambako mama alikuwa akijifungua. Kwa hiyo ikaanzishwa shule ya wakunga hapo Mengo, iliyopewa jina la Lady Coryndon, na wasichana wa Uganda wakarudi kwao na ujuzi.

Ujuzi huo niliuonja mama yangu alipopooza. Nilirudi kutoka Busia na marobota yangu nikamkuta ana kidonda mgongoni, maana hatukuwa tukimgeuza. Jirani yetu, mkunga mstaafu aliyesomea Mengo, alinielekeza: mgeuze kila baada ya saa mbili, nyoosha shuka lisiwe na mikunjo, kausha ngozi vizuri, tena mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumshika. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilisahau, nikimgeuza kama robota. Kidonda kilichukua wiki nyingi kufunga.

Bibi Katharine alifariki mwaka 1938, akazikwa Namirembe. Kutoka Kasubi si mbali.