Obdulio Varela: Nahodha aliyemshinda jirani, kisha akakaa naye msibani

Usiku wa Julai 16, 1950, jiji la Rio de Janeiro lilikuwa kama nyumba yenye maiti. Watu wazima walilia mbele za watu bila kuona haya. Ndani ya baa mojawapo alikuwapo mgeni kutoka nchi jirani, mtu wa miaka 32, akinywa pamoja na wafiwa. Huyo ndiye aliyewaletea msiba. Saa chache kabla, akiwa nahodha wa Uruguay, alikuwa amelitwaa Kombe la Dunia mbele ya macho yao.

Jina lake Obdulio Varela. Wachezaji wenzake na mashabiki wa klabu yake, Peñarol ya Montevideo, walimwita Mkuu Mweusi. Habari za mechi ile zimesimuliwa sana. Habari za usiku wa baada ya mechi husimuliwa kidogo, na pengine ndizo zinazomfaa zaidi mtu ambaye mkate wake unatoka ng'ambo ya mpaka. Mtu huyo anajua kwamba leo atashindana na jirani kwa bei, na kesho atamhitaji jirani huyo huyo.

Varela alizaliwa Montevideo Septemba 20, 1917, katika familia maskini. Damu yake ilikuwa mchanganyiko wa Kiafrika na Kihispania. Shule aliiacha akiwa bado mdogo, akaingia mtaani kuuza magazeti na kupiga viatu rangi. Hata jina alilojulikana nalo lilikuwa la upande wa mama. Jina la baba lilikuwa Muiños, lakini yeye alijiita Varela mpaka mwisho wa maisha yake.

Soka alianza kwenye timu ndogo za mtaani, na mwaka 1938 akaingia Montevideo Wanderers. Alicheza kiungo wa kati. Hakuwa na mbio nyingi wala chenga za kupendeza, ila alikuwa na sauti na alikuwa na akili ya kuusoma mchezo. Mwaka 1942 alikuwamo katika kikosi cha Uruguay kilichotwaa ubingwa wa Amerika Kusini. Mwaka uliofuata, 1943, Peñarol wakamchukua.

Klabu aliyojiunga nayo ilikuwa mtoto wa reli. Septemba 28, 1891, wafanyakazi wa kampuni ya reli iliyomilikiwa na Waingereza walianzisha klabu ya michezo kwenye karakana zao, nje kidogo ya Montevideo wakati huo. Wengi wa waanzilishi walikuwa Waingereza, wengine wenyeji wa Uruguay. Rangi za njano na nyeusi walizitoa kwenye alama za reli, na jina ambalo klabu ilikuja kulichukua, Peñarol, ni la kijiji chenye karakana hizo. Kijiji nacho kilipata jina hilo kutokana na mji wa Pinerolo nchini Italia, alikotoka mhamiaji mmoja aliyekaa hapo zamani. Kwa maneno mengine, klabu inayojivunia kuwa ya Uruguay kuliko zote ina jina la Italia, mwanzo wa Uingereza, na nahodha wake maarufu kuliko wote ni mjukuu wa Afrika.

Uruguay yenyewe ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya majirani wawili wakubwa, Argentina na Brazil. Mwaka 1950 ilikuwa na watu milioni mbili na ushei, wakati Brazil ilikuwa na zaidi ya milioni 50. Iliishi kwa kuuza nyama, ngozi na sufu ng'ambo. Mtu aliyekulia hapo alijifunza mapema kutomwogopa mkubwa, na pia kutomdharau.

Kuna kisa cha mwaka 1945 kinachosimuliwa mpaka leo miongoni mwa watu wa Peñarol. Timu ilikuwa imeifunga River Plate ya Argentina, na viongozi wa klabu, kwa furaha, wakatoa zawadi: peso 250 kwa kila mchezaji, na 500 kwa Varela. Alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Yeye hakucheza zaidi ya wenzake, kwa hiyo kama wanaona alistahili 500, basi wote walistahili 500. Kama wenzake walistahili 250, na yeye apewe 250. Viongozi waliishia kuwapa wote 500.

Msimamo huo ulipata mtihani mkubwa zaidi Oktoba 1948. Wachezaji wa Uruguay walikuwa wameunda chama chao miaka miwili nyuma, lakini klabu zilikataa kukitambua. Mkataba wa mchezaji ulipokwisha, klabu bado ilimshikilia kama mali yake. Hakuweza kwenda kwingine bila ridhaa yao. Wachezaji waligoma, na Varela akawa miongoni mwa viongozi wao. Mgomo ulidumu takriban miezi saba. Wengi wao walikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyekuwa na akiba ya maana. Lakini walishikamana, na mwaka 1949 klabu zikakubali kukaa nao mezani.

Peñarol iliyorudi uwanjani baada ya mgomo ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mbele walikuwapo Alcides Ghiggia, Juan Hohberg, Óscar Míguez, Juan Alberto Schiaffino na Ernesto Vidal. Nyuma yao alisimama Varela. Oktoba 9, 1949, walipokutana na wapinzani wao wa jadi, Nacional, Peñarol waliongoza 2-0 hadi mapumziko. Nacional hawakurudi uwanjani kipindi cha pili. Ubingwa wa mwaka huo ukaenda kwa watoto wa reli.

Ndiyo maana kikosi kilichokwenda Brazil mwaka 1950 kilibeba sehemu kubwa ya Peñarol. Kombe la mwaka huo halikuwa na fainali ya kawaida. Timu nne zilicheza zenyewe kwa zenyewe kutafuta bingwa. Brazil waliifunga Uswidi 7-1 na Hispania 6-1. Uruguay walihangaika: sare ya 2-2 na Hispania, bao la kusawazisha likitoka kwa Varela, kisha ushindi mwembamba wa 3-2 dhidi ya Uswidi. Katika mechi ya mwisho kati ya majirani hao wawili, sare tu ingetosha kuwapa Brazil kombe.

Waliokata tiketi kuingia Uwanja wa Maracanã walifika zaidi ya 173,000, na inaaminika watu wote waliokuwamo walikaribia 200,000. Meya wa Rio aliwahutubia wachezaji wa Brazil kabla ya mpira kuanza, akiwapongeza kana kwamba wameshashinda. Katika chumba cha Uruguay, kocha Juan López alitaka timu ijilinde. Alipotoka, Varela aliwaambia wenzake kwamba wakijilinda watafanywa kama Hispania na Uswidi. Akawakumbusha pia kwamba walioko majukwaani hawachezi.

Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza pale Friaça alipoifungia Brazil. Uwanja ulilipuka. Hapo Varela alifanya jambo ambalo Wabrazili wengi hawakulisahau. Aliuokota mpira wavuni, akauweka kwapani, akatembea polepole kumwendea mwamuzi, Mwingereza George Reader. Alidai bao ni la kuotea, akaomba mkalimani aletwe. Alijua bao halitafutwa. Alichotaka ni muda, ili kelele zipoe na miguu ya wenzake iache kutetemeka. Alipouweka mpira katikati, watu wengi uwanjani walikuwa wamenyamaza au wakimzomea yeye, na si kuishangilia Brazil.

Dakika ya 66 Schiaffino alisawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia alipita upande wa kulia na kupiga mpira uliopenya kati ya kipa Moacir Barbosa na mlingoti wa karibu. Ikawa 2-1. Jules Rimet, rais wa FIFA, alikuwa ameandaa hotuba ya Kireno kuwapongeza Brazil. Aliishia kumkabidhi Varela kombe bila sherehe, katikati ya msukumano wa watu.

Usiku ule viongozi wa Uruguay hawakutaka wachezaji waonekane mitaani. Varela alitoka hata hivyo. Kama alivyosimulia miaka ya baadaye, aliingia kwenye baa akawakuta watu wakilia. Alipotambuliwa alidhani atapigwa. Badala yake walimkumbatia, wakamwomba anywe nao, na akakaa nao hadi usiku mwingi. Akiwatazama, alianza kujiuliza kitu gani hasa alichokuwa ameshinda. Aliwaona hao si adui bali watu kama yeye, wafanyakazi waliokuwa na jambo moja la kuwafurahisha, na yeye ameliharibu. Alisema kwamba kama mechi ile ingerudiwa, angekuwa tayari kujifunga mwenyewe.

Kauli hiyo wapo waliomlaumu kwayo. Lakini Varela hakuwa anajutia kucheza kwa nguvu zote. Alichojutia ni hesabu ya mwisho: nani amepata, nani amelipa. Nyumbani, viongozi wa soka walijipa medali za dhahabu. Wachezaji walipewa za fedha, pamoja na kiasi cha pesa. Zake zilimtosha kununua gari kuukuu aina ya Ford, la mwaka 1931, ambalo liliibwa baada ya wiki moja.

Upande wa pili, aliyelipa kuliko wote ni kipa Barbosa. Alibebeshwa lawama za bao la Ghiggia hadi alipofariki mwaka 2000, karibu nusu karne. Timu ya Brazil nayo iliachana na jezi yake nyeupe. Mwaka 1953 gazeti moja la Rio liliendesha shindano la kutafuta jezi mpya, na mshindi akawa kijana Aldyr Schlee, aliyebuni ile jezi ya njano ambayo dunia nzima inaifahamu leo. Schlee alikuwa mwenyeji wa Jaguarão, mji wa mpakani, ambako ukivuka daraja umeingia Uruguay. Alikua akisikia lugha mbili, na moyoni alikuwa shabiki wa Uruguay. Watu wa mipakani hawatashangaa. Mtu wa mji wa namna hiyo huwa na ndugu, wateja na madeni pande zote mbili.

Varela aliendelea kuichezea Peñarol hadi mwaka 1955, akiwa ametwaa ubingwa wa nchi mara sita. Mwaka 1954, akikaribia miaka 37, aliiongoza Uruguay katika Kombe la Dunia nchini Uswisi. Aliifunga Uingereza katika robo fainali waliyoshinda 4-2, lakini akaumia. Nusu fainali dhidi ya Hungaria aliitazama akiwa nje, na Uruguay wakafungwa. Katika mechi zote za Kombe la Dunia alizocheza, timu yake haikupoteza hata moja.

Katikati ya miaka hiyo ya 1950, Peñarol walikubaliana na kampuni moja kuweka tangazo kwenye jezi, jambo geni wakati huo. Wachezaji kumi waliingia uwanjani na jina la kampuni kifuani. Wa kumi na moja, Varela, alivaa jezi yake ya zamani. Alieleza kwamba zamani watu weusi walikuwa wakiburuzwa kwa pete puani, na kwamba zama hizo zimekwisha. Hakuwa mtu wa kuchukia biashara. Alikataa tu kuwa bidhaa katika mapatano ambayo hakuulizwa.

Baada ya soka aliishi maisha ya kawaida Montevideo na mkewe Catalina, akiwakwepa waandishi wa habari. Aliishi hadi kushuhudia mwaka 1991, pale Uruguay, Brazil, Argentina na Paraguay zilipotia saini mkataba wa Mercosur ili kupunguza ushuru kati yao. Catalina alitangulia. Varela akafuata Agosti 2, 1996, akiwa na miaka 78.

Mikataba ya namna hiyo huandikwa na mawaziri, lakini inayoitia uhai ni tabia ya watu wadogo wanaokutana mpakani kila siku. Varela hakumpunguzia jirani kasi hata dakika moja mpira ulipokuwa ukichezwa. Ulipokwisha, alikwenda kukaa naye, akaona machozi yake, na hakucheka. Ndiyo maana hata Brazil, wanakomkumbuka kwa uchungu, jina lake bado linatajwa kwa heshima.