Tingatinga na Picha za Ukutani Mwetu

Katika baadhi ya afisi na sebule za Kitui na Makueni nimepata kuona, ndani ya fremu ya kioo, nakala ya mchoro wa saa zinazoyeyuka mithili ya samli juani. Mchoro wenyewe ni wa mwaka 1931, kazi ya Mhispania Salvador Dalí, mmoja wa wasurialisti, yaani wachoraji wa mambo ya ndotoni. Simlaumu anayeinunua. Nauliza tu: fedha zake zimemfaa mchoraji gani? Swali hilo lanikumbusha Edward Saidi Tingatinga, ambaye pia alichora kama aotaye, ingawa hakuwa mfuasi wa Wazungu hao.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Ufukara ulimtoa kwao akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam, alikofanya vibarua vya namna nyingi, vikiwemo vya bustani. Mnamo 1968 alianza kuchora. Turubai hakuwa nayo. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa dari, vya mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi za kupakia baiskeli. Humo wakazuka ndege na wanyama wenye madoadoa na maumbo yasiyopatikana katika mbuga yoyote. Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na wanunuzi aghalabu walikuwa wageni.

Aliwakusanya jamaa na vijana, akawafunza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa garini, wakimdhania mhalifu. Akafariki akiwa na miaka 40 hivi, na uchoraji wake haukuwa umetimiza hata miaka mitano. Wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 waliunda chama cha ushirika. Kwa jicho la isimu, jina lake limekoma kuwa la mtu mmoja: leo picha yoyote ya mtindo ule huitwa tingatinga, kama liitwavyo trekta.

Kuiga, basi, si dhambi. Lakini nakala ya tingatinga huchorwa kwa mkono, na aliyeichora hulisha watoto wake kwayo. Nakala ya zile saa hutoka mtamboni, na Dalí alifariki mwaka 1989. Sisi wa Ukambani tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana vinyago vyetu vimevuka bahari miaka mingi, aghalabu bila jina la mchongaji.

Kwa hiyo, msomaji, utakapotaka kupamba ukuta, uwe Wote au Mwingi, kabla ya kuuliza bei ya fremu mwulize mwuzaji ni nani aliyechora, na fungu lake ni kiasi gani. Akishindwa kujibu, mtafute mchoraji mwenyewe. Nchini mwetu hawakosekani, na ukuta wako utakuwa umemlipa mtu aliye hai.